Chombo cha uvuvi hakijarudi: upige simu lini, useme nini, na nini kiandikwe kabla hakijatoka

Sisi watu wa pwani chombo kikichelewa tunasubiri. Labda wamekutana na samaki wengi, labda injini imesumbua wamejibanza kisiwani, labda simu zimeisha chaji, basi usiku unapita hivohivo watu wako barazani wanatazama bahari. Naomba tuache. Wanaotafuta hawana uchawi, wanaanzia kwenye taarifa alizoacha nahodha nchi kavu na saa mliyopiga simu, kwa hiyo naanza na siku ambayo chombo bado kipo bandarini.

Kwanza fanya hesabu hii. Mkondo wa mwambao wetu unapanda kaskazini, na msimu wa kusi unaweza kuzidi noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa). Boti ikizima injini saa 12 jioni, ikifika saa 12 asubuhi imeshachukuliwa maili 24 za baharini, karibu kilomita 44, na hapo hujaweka upepo. Iliyozimika mashariki ya Pemba inaweza kuamkia maji ya Kenya. Na eneo la kutafuta halikui kwa urefu tu, linakua pande zote, ndo maana saa moja ya kusubiri ufukweni ni kubwa sana kule baharini.

Sasa karatasi. Kila safari, hata ya usiku mmoja, iachwe karatasi kwa mtu wa nchi kavu, awe tajiri wa chombo, mke wa nahodha au ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe). Majina kamili ya wote waliopanda, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani wa kila mmoja, na yule kijana aliyerukia dakika ya mwisho kwa sababu mwenzake anaumwa naye aandikwe, huyu ndo anasahaulika siku zote halafu watu wanatafuta saba kumbe walitoka nane. Jina na namba ya usajili ya chombo, urefu, rangi ya nje na rangi ya ndani (ndege ikipita juu inaona ndani), injini ngapi, mafuta na maji ya kunywa ya siku ngapi, laifujaketi ngapi, redio ipo au haipo. Wanaelekea wapi, na saa ya mwisho kabisa ya kurudi. Piga na picha ya chombo kwa ubavuni ikae kwenye simu ya huyo mtu. Orodha ya mabaharia sio jambo nililotunga mimi, mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 188 wa mwaka 2007 unaohusu kazi ya uvuvi unataka nakala yake ibaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka, au ipelekwe mara tu kikishaondoka.

Najua manahodha hawapendi kutaja wanapovua, mwamba wenye changu hauambiwi mtu. Sawa, andika eneo uweke kwenye bahasha uifunge, ifunguliwe tu saa ya mwisho ikipita. Siri yako inabaki salama na watu wako wanabaki na njia ya kukufuata.

Kwa vyombo vikubwa vya biashara kuna EPIRB, kile kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwenye setelaiti kwa masafa ya megahezi 406. Nunua lakini pia KISAJILI, maana ishara ikifika inakuja na namba, na namba isiyosajiliwa haina jina la chombo wala simu ya kumpigia mtu. Simu utakayoandika iwe ya mtu anayepokea saa 8 usiku, sio namba ya ofisi iliyofungwa. Chombo kikiuzwa, usajili ubadilishwe siku hiyohiyo.

Meli ya kuvua kaa ya Marekani, Destination, ilizama alfajiri ya tarehe 11 Februari 2017 karibu na kisiwa cha St. George, Alaska, na watu wake wote 6 walikufa. Hakuna aliyesikia wakiita kwenye redio. Kitu pekee kilichosema kuna jambo ni EPIRB, mida ya saa 12 na robo asubuhi. Waokoaji walipofika walikuta kifaa chenyewe kinaelea, boya na mafuta juu ya maji, mabaharia hawakuonekana. Uchunguzi ukaja kuonyesha meli ilibeba mitego 200, imeganda barafu, na kila mtego ulikuwa mzito kwa kilo zaidi ya 60 kuliko uzito uliotumika kwenye kitabu cha usalama cha meli, piga hesabu hapo, ni zaidi ya tani 12 juu ya deki ambazo hazikuwa kwenye maandishi. Sisi vyombo vyetu havigandi barafu lakini tuna nyavu zilizolowa, barafu ya kuhifadhia samaki na madumu yanayopangwa juu juu, na nyavu mpya ikiwa nzito kuliko ya zamani hakuna anayeipima. Pimeni jamani.

Rafti ya kujiokolea, ile inayokaa kwenye pipa jeupe na kujijaza yenyewe, hapa nataka usome taratibu. Inashikwa na kifaa kidogo cha plastiki ambacho chombo kikizama, maji ya kina cha kama mita 1.5 hadi 4 yanakisukuma, kisu cha ndani kinakata kamba, pipa linaelea. Kamba ndefu ya rafti inavutwa na chombo kinachozama, gesi inafunguka, rafti inajaa, halafu kiungo dhaifu, yaani kipande chembamba kinachounganisha kamba na chombo, kinakatika ili rafti isizamishwe. Sasa mtu anakuja na roho nzuri kabisa, anaona kile kiungo chembamba kitakatika, anafunga kamba moja kwa moja kwenye chuma cha deki. Amewaua wenzake, rafti itashuka na chombo mpaka chini. Leo hii nenda ushike kamba kwa mkono uifuate mpaka mwisho, lazima ipite kwenye kiungo dhaifu. Angalia na tarehe, kile kifaa cha plastiki kwa kawaida ni cha miaka 2 tu.

Redio: VHF chaneli 16, ile ya dharura. Sema Mayday (wito wa kuomba uokoaji) mara tatu, jina la chombo, MAHALI MLIPO, shida ni nini, watu wangapi. Usimalize sekunde zako kueleza injini ilivyoanza kukohoa, mahali kwanza. Scandies Rose, meli nyingine ya kuvua kaa ya Alaska, ilizama usiku wa tarehe 31 Desemba 2019 ikiwa na watu 7. Nahodha aliwahi kuita na kutaja alipo, na helikopta ikawakuta wawili hai ndani ya rafti.

Haya, saa ya mwisho imepita na simu zao hazipatikani. Usisubiri kukuche. Mpigie mwenye chombo na BMU, waulize madiko ya jirani kama kimeonekana, lakini hiyo ifanyike pamoja na simu ya uokoaji, sio kabla yake. Kenya kituo cha kuratibu uokoaji kipo Mombasa chini ya Kenya Maritime Authority, Tanzania kipo Dar es Salaam chini ya TASAC (shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli), Zanzibar waambie na KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo). Namba zao ziandikwe leo kwenye ile karatasi. Wasomee karatasi yote, uliza jina la anayepokea, andika saa. Na kama eneo liko karibu na mpaka, waombe waambie na upande wa pili. Wakirudi salama baada ya lisaa, piga tena useme wamerudi, basi.

Teua mtu mmoja wa kuongea na wanaotafuta na mmoja wa kuongea na familia. Majina yasirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp kabla nyumbani hawajaambiwa, mama asijue habari za mwanawe kwenye simu ya jirani. Na atakayepiga akidai amewaona atumiwe kwanza hela ya mafuta, mpelekeni kwa polisi.

Kuna siku mtaambiwa msako umesimamishwa. Inauma kuliko maelezo, lakini omba kwa maandishi: walitafuta wapi, siku zipi, walipata nini. Karatasi hiyo pamoja na orodha ya mabaharia ndo zitatumika kwa bima, mafao na mahakamani au kwa kadhi, maana Kenya bila ushahidi mwingine mtu huhesabiwa amekufa baada ya miaka 7 ya kutosikika, na mjane hawezi kukaa miaka yote hiyo mikono mitupu. Taarifa mpya inaweza kufungua msako tena, kwa hiyo dumu, laifujaketi au kipande cha mbao kikiokotwa popote, piga picha, andika mahali na saa, usikioshe, kipeleke kwao.