Mbolea ya ruzuku: jinsi ya kutorudishwa dukani

Msimu uliopita nilikaa siku mbili Inyala, Mbeya, nikihangaikia mifuko minne ya mbolea ya shangazi yangu. Hela alikuwa nayo, shamba analo, jina limo kwenye daftari la wakulima. Bado alirudishwa mara mbili.

Kabla ya hatua, jua hela inapita wapi. Ruzuku hii, iliyozinduliwa hapahapa Mbeya kwenye sikukuu ya wakulima, Nane Nane, ya 2022, haiingii mfukoni mwa mkulima. Wewe unalipa bei iliyopunguzwa (mwaka ule mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulishuka kutoka zaidi ya shilingi 130,000 hadi 70,000), na ile tofauti serikali inailipa kampuni ya mbolea baada ya mauzo kuonekana kwenye mfumo. Ndiyo maana muuzaji anang'ang'ania namba yako ya mkulima, ile unayopewa ukijiandikisha. Akikupa mfuko kwa bei hiyo bila namba, hasara ni yake.

1. Jiandikishe. Kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kitambulisho. Taja ekari na mazao.

2. Laini ya simu. Hapa ndipo siku zetu mbili zilipoishia. Namba ya mkulima huja kwa ujumbe wa simu. Shangazi alipoandikishwa kitochi chake kilikuwa kimezima, akataja laini ya kijana wa jirani. Kijana akahamia Tunduma, ujumbe akaufuta. Dukani tukaulizwa namba, tukabaki tunatazamana. Kumpigia hapatikani, jioni alipopatikana, anasema labda ni ile inayoishia na saba, labda tisa. Tukajaribu zote mbili, hakuna. Kesho yake tukarudi kwa mtendaji, yuko kikaoni. Tukamsubiri mpaka saa nane.

Kwa hiyo: andikisha laini yako mwenyewe, iliyosajiliwa kwa jina lako, hata kama simu ni ya vitufe. (Mimi kwa kazi hii naiamini kitochi kuliko simu janja, chaji inakaa.) Kama huna simu, taja ya mtoto unayelala naye nyumba moja, si ya jirani, hata awe mwema namna gani. Ujumbe ukiingia, uandike kwenye daftari la karatasi siku hiyohiyo. Picha ya skrini haitoshi, simu huibwa. Jina nalo liangalie: shangazi kwenye kitambulisho ana majina matatu, kijijini wanamwita Mama Fulani, na aliyemwandikisha aliandika alichozoea kusikia. Mwambie mtendaji akusomee kilichoandikwa kabla hujaondoka. Akikunja uso, vumilia.

3. Ekari. Sema za kweli. Mifuko hufuata ekari, na ukipunguza kwa kuogopa kodi utakuja kulia wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia.

4. Dukani. Nenda asubuhi, tena mapema msimu. Mvua zikianza foleni haina mwisho. Simama hapo muuzaji anaposkani kila mfuko, hesabu, dai risiti. Usimwachie namba yako ati "mzigo ukija nitakuwekea". Namba ikiwa mikononi mwake anaweza kurekodi mauzo ambayo hukuyafanya, mgao wako ukaisha ukiwa nyumbani. Wakati ruzuku ilipotolewa kwa vocha, kuanzia 2008, mchezo ulikuwa huohuo kwa karatasi: mtu anasaini vocha, anapewa vijisenti, mbolea inabaki dukani. Shangazi anawakumbuka waliosaini, kwa majina, ila hayo mniachie.

5. Kagua mfuko. Mshono wa kiwandani uwe haujaguswa. Uliofunguliwa na kushonwa upya kwa mkono, kataa.

Siku ya pili, saa kumi jioni, tulipakia DAP mbili na Urea mbili za kukuzia kwenye bajaji ya mizigo. Namba sasa imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango wa stoo, na kijana wa Tunduma akipiga simu, shangazi hapokei.