Mahindi na soya shamba moja: shughulikia kivuli kwanza

Wakulima wengi huchanganya mahindi na soya wakitarajia soya iyalishe mahindi naitrojeni. Usitegemee sana. Naitrojeni inayotengenezwa kwenye vinundu vya mizizi ya soya hutumiwa karibu yote na soya yenyewe, na sehemu kubwa huishia kwenye mbegu. Mahindi ya msimu huo huambulia kidogo. Anayefaidi zaidi ni zao linalofuata, mizizi na majani yakishaoza, kwa hiyo mahindi yako bado yanahitaji mbolea yake.

Ugomvi mkubwa uko juu ya ardhi, kwenye mwanga. Wiki tatu nne za kwanza hutaona tatizo. Baadaye mahindi hurefuka na kufunga nafasi, na kivuli huwa kizito wakati soya inachanua na kutunga maganda. Soya iliyofunikwa hukimbilia juu, shina huwa jembamba na kulala, maua hupukutika. Hapo mkulima huona soya imedhoofika, akamwaga mbolea ya kukuzia, yenye naitrojeni, shamba zima. Mahindi yananenepa, kivuli kinazidi, na vinundu navyo vinazembea kwa sababu naitrojeni imejaa udongoni. Weka mbolea hiyo kwenye mistari ya mahindi peke yake, uifukie. Soya inachohitaji zaidi ni fosforasi wakati wa kupanda.

Kupanda mstari mmoja wa mahindi kwa mmoja wa soya ndiyo njia inayoiumiza soya zaidi. Mimi napendelea vikanda: mistari 2 ya mahindi, kisha mistari 4 ya soya yenye nafasi ya sentimita 40 hadi 45. Mistari ya mahindi iachane kwa sentimita 75. Chagua mahindi mafupi yenye majani yaliyosimama. Soya ipandwe siku moja na mahindi, au itangulie kidogo. Ukisubiri palizi ya kwanza, unaipanda gizani.

Kama shamba halijawahi kuwa na soya, pakaza mbegu za soya bakteria wanaounda vinundu vyake kabla ya kupanda. Fanya hivyo kivulini na uzifukie mapema, maana jua huwaua. Soya ikianza kuchanua, chimbua mche mmoja upasue vinundu: vikiwa na rangi ya waridi ndani, vinafanya kazi.

Ukivuna, piga hesabu. Tuseme shamba hilo hilo likiwa na mahindi peke yake hutoa magunia 20 na kwenye mchanganyiko yametoa 16: hiyo ni 0.8. Likiwa na soya peke yake hutoa magunia 10, hapa imetoa 4: hiyo ni 0.4. Jumla ni 1.2, yaani ungehitaji ardhi zaidi kwa asilimia 20 kupata mavuno hayo kwa kutenganisha mazao. Jumla ikishuka chini ya 1, tenganisha, na msimu ujao uyapande mahindi palipokuwa na soya.