Kamera za ulinzi nyumbani kwa bajeti ndogo: mpangilio wa kununua na kufunga, kutoka kwa fundi wa Tabora

Wateja wengi hapa Tabora wananipigia wakiwa wameshanunua seti: kamera nne, mashine ya kurekodi na nyaya kwenye boksi moja, limekuja na basi kutoka Kariakoo. Seti si mbaya. Shida ni kwamba hela yote imeishia kwenye idadi ya kamera, haikubaki ya betri, ya diski wala ya waya wa maana. Kwa nyumba ya kawaida ya Ipuli au Cheyo, bora kamera mbili zinazoonyesha sura na kuendelea kurekodi umeme ukikatika, kuliko nane zinazoonyesha mtu kapita tu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kwenda dukani

Simama nje, jiulize mwizi ataingilia wapi. Mara nyingi ni geti, mlango wa jikoni na pale pikipiki inapolala. Pima umbali kutoka utakapofunga kamera hadi mtu atakapopita, uandike. Kamera isielekee uani kwa jirani: hiyo ni faragha yake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 2: Lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Hapa ndipo hela nyingi inapotea. Ili umtambue mtu usiyemjua, picha inahitaji takriban pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana, kwa hiyo eneo lisizidi mita 7 na nusu hivi. Sasa lenzi ya milimita 2.8, inayokuja kwenye seti nyingi, inaona pana sana: mita 3 tu kutoka kwenye kamera, upana huo umeshajaa. Ukipanda hadi megapikseli 4 kwa lenzi hiyohiyo, unafika mita 4 na kidogo. Lakini ukibaki na megapikseli 2 ukachukua lenzi ya milimita 6, sura inasomeka hadi karibu mita 8.

Kwa hiyo getini weka ya milimita 6, na ya 2.8 ibaki kuangalia ua mzima. Ile ya getini usiipandishe zaidi ya mita 2 na nusu. Ikiwa juu zaidi itakuletea kofia, sura hutaipata. Isikae pia karibu na ukuta mweupe, maana usiku mwanga wa infraredi (mwanga wa kamera usioonekana kwa macho) unarudi na picha yote inakuwa nyeupe.

Hatua ya 3: Chagua mfumo

Umepanga chumba na sebule? Kamera moja ya Wi-Fi yenye memori kadi inatosha, ila ukuta wa tofali za kuchoma unapunguza mtandao, na kamera ikiibwa, kadi imekwenda nayo. Nyumba yako mwenyewe, chukua DVR, yaani mashine ya kurekodi, na kamera za waya. Mfumo wa NVR, yaani mashine ya kurekodi ya kamera za mtandao, ni mzuri zaidi, waya mmoja unabeba picha na umeme, lakini kwa bajeti finyu usianze nao.

Hatua ya 4: Kwangua waya

Omba kipande dukani, kikwangue kwa wembe. Ndani ikitokea nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na volti 12 zitapungua njiani. Utaijua kwa dalili hii: mchana kamera iko salama, giza likiingia na taa za infraredi zikiwaka, inazima, inawaka, inazima tena. Watu wanabadilisha kamera mara mbili, kumbe waya ndio mbovu.

Maungio ya nje yakae ndani ya kiboksi kisichopitisha maji. Kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi, hivyo waya mrefu wa nje uwekee kifaa cha kukinga radi, upande wa mashine hasa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya diski

Kamera inayorekodi megabiti 2 kwa sekunde inakula GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni kama GB 86, kwa hiyo diski ya TB 1 inakaa siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za zamani. Mashine ikiwa na H.265 (njia ya kubana video), washa: ukubwa unapungua hadi karibu nusu. Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ya kompyuta kuukuu haikuundwa kuandika usiku na mchana.

Hatua ya 6: Umeme

Kamera nne na DVR usiku zinakula kama wati 35. UPS ndogo (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye betri ya Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) itakupa saa moja na kitu. Ukitaka usiku kucha, betri ya solar ya volti 12, Ah 100, inatosha bila kuimaliza nguvu. Kama bajeti haifiki, punguza kamera moja, betri usiiguse.

Hatua ya 7: Ficha mashine, linda akaunti

DVR isikae juu ya televisheni. Darini nako, chini ya bati la Oktoba, joto litaua diski. Kabati lenye kufuli na matundu ya hewa linafaa.

Kurekodi hakuhitaji intaneti. Bando ni la kutazama ukiwa mbali, na picha kamili inamaliza karibu MB 900 kwa saa, kwa hiyo kwenye simu chagua picha ndogo. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, sio ya fundi, na neno la siri uliweke mwenyewe fundi akishaondoka.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kulipa

Subiri usiku. Zima swichi kuu, mtume mtu aingie getini, kisha fungua rekodi. Angalia sura, tarehe na saa, maana saa ikikosewa utapata shida polisi. Mwambie fundi akuonyeshe jinsi ya kuhamishia kipande cha video kwenye flashi, na ufanye mwenyewe mbele yake mara moja. Baada ya hapo kila mwezi futa lenzi. Mwanga wa usiku unavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi unatosha kuficha geti zima.