Kwenda Maziwe na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Maziwe, kisiwa cha hifadhi kilicho baharini kusini-mashariki mwa Pangani, mkoani Tanga, kimebaki fungu la mchanga tu tangu miti yake ilipomalizwa na mmomonyoko, na maji yanapojaa hufunikwa chote. Kwa hiyo safari yake hupangwa kwa maji, si kwa matakwa ya msafiri. Muulize nahodha siku moja kabla ni saa ngapi maji yatakupwa, ukikumbuka kwamba kila siku wakati huo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, fungu huibuka kubwa zaidi, lakini bahari nayo hurudi kwa kasi. Mimi huchomeka kijiti ukingoni mwa maji mara tu ninaposhuka, na maji yakishakipita bila kurudi nyuma, huanza kukusanya vitu.

Kivuli hakuna hata kidogo: chukua mwavuli, kanga na maji ya kunywa ya kutosha. Kila abiria avae jaketi la kuokolea, hasa miezi ya upepo wa kusi, ambapo ni afadhali kutoka alfajiri.

Ukiogelea, usikanyage matumbawe. Kasa hutaga mchangani hapo, na kwa kuwa bahari ingeyafunika mayai, wahifadhi huyahamishia ufukwe wa Ushongo; ukiona nyayo za kasa, zipishe.