Sheria za ulemavu Uganda na tovuti ya taasisi yako: anza na lile tangazo lenye muhuri

Mwaka juzi nilipigiwa simu na mwalimu mmoja asiyeona, wa huku kwetu Tororo. Alikuwa anamtafutia mpwa wake nafasi katika chuo ambacho tovuti yake niliitengeneza mimi mwenyewe. "Fundi," akaniambia, "simu yangu inasoma vizuri jina la chuo, inasoma 'Matangazo', halafu inasema 'picha'. Picha, picha, picha. Mimi nataka kujua ada ni shilingi ngapi."

Nikafungua. Kweli. Tangazo la udahili lilichapwa kwenye karatasi, msajili akalisaini, likagongwa muhuri, likapigwa picha kwa simu, likapandishwa. Nilikuwa nimelipita mara nyingi tu na sikuwahi kuona kasoro.

Tangu siku ile nimekarabati tovuti za shule, SACCO na ofisi kadhaa kati ya Busia na Mbale. Wakuu wa taasisi huniuliza mambo mawili: sheria inatudai nini, na fundi aanzie wapi? Huu hapa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Jua sheria zinazokushika

Mzizi ni Katiba ya 1995. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Ibara ya 35 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na utu wao kulindwa. Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 ikaja kuitekeleza haki hiyo.

Sheria utakayoishika mkononi kila mara ni ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, iliyoifuta ya 2006. Inakataza kumbagua mtu katika elimu, afya, ajira na huduma zinazotolewa kwa umma. Ukiendesha chuo, zahanati au ofisi ya wilaya, umo.

Juu ya hizo kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Uganda iliuridhia tarehe 25 Septemba 2008. Huu unataja intaneti waziwazi. Ibara yake ya 9 inaitaka nchi ikuze uwezo wa watu wenye ulemavu kufikia teknolojia za mawasiliano, intaneti ikiwemo. Ibara ya 21 inazihimiza hata taasisi za binafsi zinazouhudumia umma kwa njia ya intaneti zitoe taarifa kwa namna inayofikika. Lakini ibara ninayopenda kuwasomea wakurugenzi ni ya 2: kumnyima mtu marekebisho ya kadiri anayoyahitaji ni ubaguzi. Wengi hudhani ubaguzi ni kumfukuza mtu mlangoni. Hapa hata kukaa kimya baada ya mtu kukuomba tangazo linalosomeka kunahesabika.

Anayeona kabaguliwa anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Sikuandikii hili kukutisha. Ila wajumbe wa bodi huamka usingizini hapo.

Na akitokea mjumbe wa kusema "sisi hatuna wanafunzi wasioona", mwulize angewapataje, ikiwa fomu ya kuomba nafasi haisomeki kwao. Sensa ya 2014 ilikuta asilimia 12.4 ya watu wa miaka 2 na zaidi nchini wana ulemavu wa aina fulani.

Hatua ya 2: Chagua kipimo, ukiandike

Ukizisoma sheria hizo kutafuta ukubwa wa herufi au rangi ya kitufe, utachoka bure. Zinakuambia usibague, namna ya kujenga ukurasa usiobagua unaipata kwenye WCAG, miongozo ya ufikivu wa tovuti inayotolewa na W3C, shirika linaloratibu viwango vya wavuti duniani. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023.

Miongozo hiyo ina ngazi tatu: A, AA na AAA. Lenga AA ya toleo la 2.2, yaani vigezo 55 ukijumlisha vya ngazi A. Usiahidi AAA kwa tovuti nzima. W3C wenyewe hawashauri hivyo, kwa sababu kuna maudhui yasiyoweza kuifikia. Vigezo vyote vimesimama juu ya mambo manne: mtu aweze kukitambua kilichopo, aweze kukitumia, akielewe, na kisivunjike anapokifungua kwa kifaa chake.

Kisha andika sentensi moja katika sera ya taasisi: "Tovuti yetu na nyaraka zote tunazopandisha zitafuata WCAG 2.2 ngazi ya AA." Bila sentensi hiyo, kila fundi atakayekuja atakuletea kipimo chake.

Hatua ya 3: Orodhesha shughuli, kurasa ziache kwanza

Watu huja kwako kufanya nini? Kuomba nafasi, kujua ada, kuona matokeo, kusoma tangazo la kazi. Chagua shughuli moja, ile inayoleta watu wengi, uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa historia ya taasisi wenye picha ya mwenyekiti unaweza kungoja.

Hatua ya 4: Pima kwa mikono yako

Weka kipanya kando. Tumia kitufe cha Tab peke yake kuzunguka ukurasa, na Enter kufungua. Je, unaona mahali ulipo kila unapobonyeza? Kuna sehemu unaingia na hutoki? Dakika kumi za zoezi hili zimewahi kunipa makosa mengi kuliko ripoti ya kurasa ishirini.

Halafu pakua NVDA, kisomaskrini cha bure cha Windows, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Bonyeza H uruke kutoka kichwa cha habari hadi kingine, na F uruke kati ya sehemu za fomu. Kwenye simu ya Android washa TalkBack, kisomaskrini chake. Jifunze kwanza namna ya kuizima, maana siku ya kwanza mimi nilikwama nikabaki naiangalia simu yangu kama ya jirani. Usisahau simu hata kidogo: wengi wa wageni wako wanaingia kwa simu, wengine kwa bando la siku moja.

Kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye kompyuta. Maneno yanapaswa kujipanga upya chini kwa chini, msomaji asilazimike kuyasukuma kushoto na kulia kila mstari. Pima rangi pia: maandishi ya kawaida yanadai utofautishaji wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, makubwa 3 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa na wachora nembo, huanguka karibu kila mara.

Programu za kupima kama WAVE na axe ni nzuri kwa kuanzia. Zitakuambia picha haina maandishi mbadala, yale maelezo ya picha ambayo kisomaskrini husoma. Hazitakuambia kwamba maandishi mbadala yaliyopo ni "IMG_2041". Na ukikutana na muuzaji wa kile kidude cha kubandika pembeni mwa skrini, chenye alama ya kiti cha magurudumu, kinachodai kutibu tovuti nzima kwa mstari mmoja wa msimbo, mshukuru umuage. Mtu asiyeona ana kisomaskrini chake tayari. Anachotaka ni ukurasa ulioandikwa sawasawa.

Hatua ya 5: Lile tangazo lenye muhuri

Hapa ndipo taasisi zetu nyingi zinapoangukia. Muhuri kwetu ni heshima; tangazo bila muhuri na saini ya wino linaonekana la mitaani. Ndiyo maana karatasi huskaniwa. Lakini kwa kisomaskrini, karatasi iliyoskaniwa ni picha tu, hata ikiitwa PDF.

Sikuombi uache muhuri. Fanya hivi. Maneno yote ya tangazo yabandikwe kwenye ukurasa wenyewe kama maandishi: kichwa kikuu kimoja, vichwa vidogo vya kweli vilivyowekwa kwa mitindo ya vichwa (kukoleza wino pekee hakutoshi), na jedwali la ada lenye vichwa vya safu. Chini yake weka kiungo: "Nakala yenye muhuri, PDF". Anayetaka muhuri ataupakua, na anayetaka ada ameshaisoma.

Ikibidi PDF itumike peke yake, ianzie kwenye Word. Tumia vichwa vya Word vyenyewe, kisha hifadhi moja kwa moja kama PDF, ukiacha chaguo la alama za muundo wa waraka limewashwa. Ukipitia njia ya "chapisha kwenda PDF", alama hizo hupotea na waraka unabaki maneno yasiyo na mpangilio.

Bursa wa chuo kile alinikatalia mwezi mzima. Kilichomgeuza hakikuwa sheria. Nilimwonyesha kwamba faili lake la skani lilikuwa la megabaiti nne, na maandishi yaleyale kwenye ukurasa hayafiki hata kilobaiti ishirini. "Kumbe tunawalia wazazi bando," akasema. Siku iliyofuata tangazo likabadilishwa.

Hatua ya 6: Fomu

Kila kisanduku kiwe na lebo iliyounganishwa nacho kwenye msimbo. Maneno ya kijivu yanayofutika mtu anapoanza kuandika hayatoshi. Akipotea katikati hana pa kuangalia. Kosa lielezwe kwa maneno, karibu na lilipotokea: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja". Kisanduku kuwa chekundu tu hakumwambii kitu asiyeona rangi.

Chukua mfano wa NIN, namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14. Kuna mafundi huzuia kunakili na kubandika kwenye kisanduku hicho, eti kwa usalama. Hebu jaribu kuisikiliza kwa sauti ya mashine, tarakimu moja moja, uiandike bila kukosea. Ruhusu kubandika. Na usiiulize tena ukurasa wa tatu kama ulishaiuliza wa kwanza. Toleo la 2.2 limeweka kigezo maalumu kuhusu kurudia maswali.

Muda nao. Mfumo ukimtoa mtu baada ya dakika chache, lazima umwonye kwanza na kumpa njia rahisi ya kuongeza muda. Mtu anayeandika kwa kidole kimoja, na bado hajapandisha barua ya LC (baraza la mtaa) na hati ya UNEB (bodi ya mitihani), dakika tano hazimfikishi popote. Kapcha ya herufi zilizopinda, lile jaribio la kuthibitisha kuwa mtu si roboti, usiiweke kwenye mlango wa kuingilia akaunti. Vitufe vya kugusa visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi huweka 44, kwa sababu vidole vya wazee wetu si vya watoto.

Hatua ya 7: Lugha na sauti

Taja lugha ya ukurasa kwenye msimbo. Kama ni Kiswahili, andika lang="sw". Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA inakijua Kiswahili, lakini usipoiambia, itakisoma kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna atakayeambulia kitu. Aya ya Kiingereza ndani ya ukurasa wa Kiswahili nayo iwekewe alama yake.

Video zote za kurekodiwa ziwe na manukuu. Hicho ni kigezo cha ngazi A, ya chini kabisa. Tafsiri ya lugha ya alama iko AAA, lakini hapa mimi huvuka mstari wa AA kwa makusudi. Kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama ya Uganda anasoma manukuu ya Kiingereza kama lugha ya kigeni. Kwa tangazo kubwa moja kwa mwaka, kama la udahili, gharama ya mkalimani haiwezi kuishinda taasisi.

Hatua ya 8: Waite wenyewe, uwalipe

NUDIPU, umoja wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, upo tangu 1987. Wapo pia UNAB wa wasioona na UNAD wa viziwi. Omba wakuunganishe na wajaribuji watatu au wanne. Wape kazi kamili: "Omba nafasi ya cheti cha uhasibu, ufike hadi malipo." Kaa kimya, uandike wanapokwama. Lipa nauli na lipa muda wao, kama unavyomlipa mhandisi.

Nilimwita yule mwalimu wa Tororo. Alifika hadi ukurasa wa malipo akasimama. "Fundi, hapa inasema 'kitufe, kitufe, kitufe'. Cha kulipa ni kipi?" Vitufe vitatu vyenye nembo za kampuni za simu na benki, hakuna hata kimoja chenye jina. Nilikuwa nimeupima ukurasa ule mara mbili kwa programu, lakini kitufe kile kilikuwa cha mtoa huduma wa malipo, kwenye fremu, yaani kipande cha tovuti yake kilichopachikwa ndani ya yangu, ambayo sikuigusa. Kumbe nacho ni changu mbele ya mwombaji.

Hatua ya 9: Mkataba na namba ya simu

Kwenye hadidu za rejea za zabuni taja WCAG 2.2 AA, taja kwamba mtumiaji wa kisomaskrini ataijaribu kazi, na zuia sehemu ya mwisho ya malipo mpaka jaribio lipite. Ukiweka sharti bila pesa nyuma yake, fundi atalisoma kama salamu. Najua, mimi ni fundi.

Kisha weka ukurasa wa taarifa ya ufikivu: kipi kinafanya kazi, kipi bado, lini mtarekebisha, na namba ya simu. Pima upya kila kabla ya msimu wa udahili, maana kila tangazo jipya hupandishwa na mtu mpya. Na hiyo namba ya simu isiwe ya mapokezi, ambako ataambiwa "subiri bosi arudi". Iwe ya mtu mwenye nywila ya tovuti, anayeweza kubadilisha tangazo siku hiyohiyo.