Kabla hujaacha kazi ukafuate wito wako, ujaribu kwanza

Kusudi la maisha halipatikani kwa kukaa na kuwaza tu. Linajionyesha katika mambo unayoyafanya tayari. Chukua daftari dogo, na kwa wiki mbili, kila jioni, andika: kazi gani leo ilikusahaulisha saa, nani alikuomba msaada na wa nini, shida gani ya watu ilikuuma. Andika kitendo, si cheo. "Nimemwelekeza mtoto wa jirani hesabu za sehemu" inakufaa kuliko "napenda ualimu", kwa sababu kitendo unaweza kukirudia na kukipima.

Kisha pigia mstari kilichojirudia mara 3 au zaidi. Chagua kimoja, kisha kijaribu kwa wiki 6, saa 2 kila wiki, siku ileile. Kama ni kufundisha, kusanya watoto wanne Jumamosi asubuhi.

Wengi hukwama hapa. Wanatangaza kabla ya kuanza, na wakishapongezwa hamu inapoa. Au wanajipima kwa furaha ya siku ya kwanza. Jipime wiki ya 4, msisimko wa mwanzo ukishaisha: bado unaandaa somo bila kusukumwa? Unavumilia kusahihisha madaftari, sehemu inayochosha kweli? Watoto wanarudi? Majibu mawili yakiwa hapana, maliza wiki zako 6, halafu rudi kwenye daftari uchukue kinachofuata.

Kazi inayokulisha usiiache wakati huu. Ukiwa na deni la kodi ya nyumba, utachagua kinacholipa upesi na kudhani ndicho ulichoumbiwa.