Safari ndefu na ombi la uraia wa Marekani: namna ya kuhesabu siku zako

Mwenye grini kadi, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, aliyekaa nje ya Marekani kwa muda mrefu hupimwa kwa vipimo viwili, na kufaulu kimoja hakukuvushi kingine. Cha kwanza ni ukaazi usiokatika: miaka 5 mfululizo kabla ya kuomba, au miaka 3 ikiwa mwenzi wako ni raia na mmeishi pamoja miaka yote hiyo akiwa tayari raia. Cha pili ni siku ulizokuwa ndani ya nchi: zisipungue 913 katika ile miaka 5, au 548 katika ile miaka 3. Wengi huangalia kimoja tu, ombi likakwamia kwenye kingine.

Anza na siku, maana hizo ni hesabu tupu. Kusanya pasipoti zako zote, hata zilizokwisha muda, pamoja na tiketi na barua pepe za mashirika ya ndege. Andika kila safari: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, nchi uliyokwenda. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote huhesabiwa kuwa ulikuwa Marekani. Kwa hiyo aliyeondoka Machi 1 na kurudi Machi 31 amekuwa nje siku 29, si 31. Mihuri ya pasipoti peke yake haitoshi, kwa sababu Marekani haigongi muhuri mtu anapotoka. Linganisha orodha yako na historia ya safari iliyo kwenye tovuti ya serikali ya I-94, yaani rekodi za kuingia na kutoka nchini, ila usiitegemee hiyo tu. Mara nyingine ina mapengo, hasa kwa waliovuka mpaka kwa gari.

Ukaazi ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo inaangaliwa safari moja moja. Safari isiyozidi miezi 6 kwa kawaida haina tatizo. Ikizidi miezi 6 lakini haijafika mwaka, sheria inakuchukulia kuwa umekata ukaazi, na ni juu yako kuthibitisha kwamba hukukata. Ofisa wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ataangalia mambo manne: je, hukuacha kazi yako Marekani? Familia yako ya karibu ilibaki? Nyumba yako ilibaki yako, kiasi kwamba ungeweza kurudi na kuingia wakati wowote? Na je, hukuajiriwa huko ulikokwenda? Majibu ya mdomo hayatoshi. Peleka mkataba wa pango na risiti za malipo ya miezi uliyokuwa nje, hati za mshahara, barua ya mwajiri kuhusu likizo yako, rekodi za shule za watoto na nakala za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kama ulikwenda kumuuguza mzazi, barua ya hospitali husaidia kueleza sababu, lakini haichukui nafasi ya ushahidi kwamba makao yako yalibaki Marekani.

Safari ikifika mwaka mmoja au zaidi, ukaazi umekatika, na hakuna maelezo yatakayouunganisha. Hapa ndipo penye kosa linaloumiza watu wengi kuliko yote: kudhani kwamba kibali cha kuingia tena, kinachoombwa kwa fomu I-131, kinalinda ombi la uraia. Hakilindi. Kibali hicho, ambacho hudumu hadi miaka 2 na lazima kiombwe ukiwa bado ndani ya Marekani, husaidia kulinda grini kadi yako tu. Kinacholinda ukaazi kwa ajili ya uraia ni fomu N-470, nayo ni ya wachache: walioajiriwa nje na serikali ya Marekani, kampuni au taasisi za utafiti za Marekani zinazokubalika, mashirika fulani ya kimataifa, na watumishi wa dini. Lazima pia uwe umekaa Marekani mwaka mzima bila kutoka baada ya kupata ukaazi wa kudumu. Na hata ukiidhinishiwa N-470, siku 913 bado zinadaiwa, isipokuwa kwa wa serikali na wa dini.

Ukaazi ukishakatika, si lazima usubiri miaka 5 mizima tena. Unaweza kuomba miaka 4 na siku 1 baada ya kurudi, au miaka 2 na siku 1 kwa wanaotumia njia ya mwenzi raia. Chukua mtu aliyeondoka Januari 10, 2023 akarudi Februari 2, 2024. Anaweza kuomba kuanzia Februari 3, 2028. Lakini ukirudi nyuma miaka 5 kutoka tarehe hiyo, bado unakuta karibu mwaka mzima wa kuwa nje, kwa hiyo atalazimika kuleta ule ushahidi wa mambo manne. Asiye na ushahidi imara afadhali asubiri miezi 6 na siku kadhaa zaidi, mpaka katikati ya Agosti 2028, ili kipande cha safari kinachobaki ndani ya miaka 5 kisizidi miezi 6.

Kuna pia wanaorudi kila baada ya miezi 5 kwa wiki moja, kisha wanaondoka tena. Hawa huanguka kwenye siku 913, na ofisa anaweza kuhoji kama kweli wanaishi Marekani, hata grini kadi yenyewe ikawa hatarini. Kodi nazo husema mengi: mkaazi wa kudumu aliyejaza fomu 1040-NR, ya wasio wakaazi, amejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba aliacha ukaazi. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuwasilisha ombi lenye doa kama hilo.

Ukishatuma N-400, fomu ya kuomba uraia, siku za kuwa ndani ya nchi huwa zimehesabiwa hadi tarehe ya kutuma. Ukaazi lakini lazima uendelee bila kukatika mpaka siku ya kiapo, hivyo safari ya miezi 7 wakati unasubiri usaili inaweza kuangusha ombi lililokuwa sawa kabisa.